Sifuri Tatu Kutoka Nazareth



Wapiga gitaa wa kwaya zetu wana swali moja wanaloniuliza kila mara, nalo ni la yale maandishi ya ndani ya tundu la gitaa. "Kaka, hii 000-28 maana yake nini? Na D-18 je? Ipi kubwa?" Kuna wanaoona haya ni mambo ya dukani tu. Mimi naona yana Injili ndani yake, kwa hiyo leo nivumilieni, tupite kwenye namba kwanza, Biblia tutaifungua njiani.

Christian Frederick Martin alikuwa fundi wa Markneukirchen, Ujerumani. Kule mafundi wa fidla walikuwa na chama chao, nao hawakutaka maseremala wa samani watengeneze magitaa. Eti ninyi ni watu wa makabati, bakini na makabati yenu. Familia ya Martin ilikuwa upande wa maseremala. Mwaka 1833 akavuka bahari mpaka New York, na mwaka 1839 akahamia Pennsylvania, kwenye mji unaoitwa Nazareth. Ndiyo, kama ule wa Bikira Maria. Waliouanzisha ni Wamoravian, ndugu zetu wale ambao ukifika Tabora au Mbeya utakuta makanisa yao. Kampuni ya Martin iko huko mpaka leo. Na si unakumbuka alichouliza Nathanaeli aliposikia Yesu katokea mji gani? Soma Yn 1:46, halafu rudi hapa.

Sasa zile namba. Martin alipanga ukubwa wa magitaa yake kwa namba zinazokwenda kinyume na tunavyotarajia. Namba 5 lilikuwa gitaa dogo kabisa. Namba 3 lilikuwa kubwa kuliko 5, namba 2 kubwa kuliko 3, na namba 1 likawa ndilo kubwa. (Leo ukilishika hilo namba 1 utadhani ni la mtoto.) Baadaye watu wakataka sauti zaidi, na ukishafika moja unakwenda wapi tena? Wakashuka. Wakatengeneza 0. Kisha 00. Mwaka 1902 likaja 000. Yaani gitaa lilipozidi kukua, jina lake likaongezewa sifuri! Ukipima tumbo la gitaa pale chini linapopanuka zaidi, 0 lina kama sentimita 34, 00 kama 36, na 000 kama 38.

Najua mafundi wale hawakuwa wanafundisha katekesi, walikuwa wanahesabu tu. Lakini mimi kila nikiona zile sifuri namkumbuka Yohane Mbatizaji. Wanafunzi wake walimjia wakilalamika kwamba watu wote sasa wanamfuata yule mwingine. Malalamiko hayo tunayajua sana kwenye kwaya, siku mpigaji mpya anapokuja na watu wakaanza kumsifia. Yohane hakukasirika. Alisema Yesu inabidi azidi, na yeye apungue (Yn 3:30). Na Mtume Paulo, akiwaandikia Wafilipi, anatuonyesha Kristo mwenyewe akijimwaga mpaka kuwa mtumishi (Flp 2:7). Gitaa nalo, ukilitazama vizuri, ni boksi tupu. Ule utupu ndio unaotoa sauti. Jaza matambara mle ndani uone.

Turudi kwenye herufi. D ni kifupi cha Dreadnought, jina la manowari ya Waingereza iliyoshushwa majini mwaka 1906. Maana yake ni "asiyeogopa kitu". Gitaa hilo Martin alilitengeneza kwanza mwaka 1916 kwa ajili ya maduka ya Ditson, na mwaka 1931 akaanza kuliuza kwa jina lake mwenyewe. Tumbo lake lina karibu sentimita 40, lina kina kirefu, na kiuno hakijabana. Besi yake inanguruma. Viwanda vingi duniani vikaliiga umbo hilo, ndiyo maana vijana wengi wakisikia "gitaa kavu" wanaona umbo hilo hilo kichwani. Yamaha nao wana FG kwa umbo kubwa, na FS kwa umbo dogo zaidi.

Namba inayofuata baada ya kistari, kwa Martin, haihusu ukubwa kabisa. Inahusu mbao na mapambo. 18 kwa kawaida ni mahogani mgongoni na ubavuni, 28 ni rozwudi, na 45 ni lile lililozungushiwa magamba ya baharini yanayometameta. Kwa hiyo 000-45 na 000-18 yana tumbo la ukubwa ule ule. Moja limevaa suti tu.

Kwa nini nawachosha na haya yote? Kwa sababu ya dada mmoja kwenye kwaya yetu ya vijana.

Huyu dada ni mdogo wa umbo, mabega membamba. Alijifunza miezi kadhaa kwa gitaa la kwaya, ambalo ni umbo la D. Siku moja baada ya mazoezi akaniambia anaacha. "Kaka, Mungu hakunipa hiki kipaji. Nisilazimishe." Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha sali juu yake, na hicho ndicho kilichonitisha. Nikamwomba akae apige kidogo. Mkono wa kulia ulikuwa unapanda juu ya lile boksi mpaka bega linakaribia sikio. Vidole havikufika kwenye nyuzi kwa pembe ya kawaida. Tukaazima gitaa la umbo dogo kwa rafiki wa parokia jirani. Bega likashuka siku ile ile. Vidole bado vinamuuma, na F bado inamshinda, kama inavyotushinda wengi. Ila Jumapili mbili zilizopita alipiga zaburi ya wimbo wa katikati peke yake.

Wangapi kati yetu wamemwambia Mungu "hukunipa", kumbe walipewa kifaa cha kipimo cha mtu mwingine? Daudi alivalishwa silaha za Sauli: kofia ya shaba, dirii, upanga. Akajaribu kutembea, akashindwa, akazivua (1 Sam 17:38-40). Angalieni, hakusema basi mimi si wa vita hivi. Alichukua kombeo lake alilolizoea. Na huyo ndiye aliyekuwa akimpigia Sauli kinubi!

Wapo wanaosema gitaa dogo halifai kanisani, halisikiki. Mkesha wa Noeli mwaka 1818, kule Oberndorf, Austria, Padre Joseph Mohr na Franz Gruber waliimba kwa mara ya kwanza ule wimbo wa "Usiku Mtakatifu" unaojulikana dunia nzima sasa, wakisindikizwa na gitaa. Magitaa ya enzi hizo yalikuwa madogo kuliko D ya leo kwa mbali. Na kama kanisa lenu ni kubwa, weka maikrofoni mbele yake.

Ukienda dukani, omba kiti kisicho na mikono. Kaa, weka gitaa pajani, fumba macho, legeza mabega. Kama bega la kulia limepanda, omba umbo dogo zaidi, hata kama wewe ni mwanaume na rafiki zako wanacheka. Ya magamba yanayometameta utayauliza mwishoni, kama hela itabaki.

Jumapili hii baada ya Misa ya pili tuna kikao. Michango ya gitaa jipya imetosha, na kwaya imegawanyika: wengine wanataka D lenye mapambo, kwa sababu ya sherehe ya somo wa parokia, sisi wengine tunataka umbo la 000 lisilo na urembo, ambalo kila mmoja ataweza kulishika. Yule dada amesema hatazungumza, asije akaonekana anajitetea. Mtuombee.