MIKONO IMSHIKAYO MTOTO

Chukueni kalenda ya Kanisa mkahesabu. Tarehe 25 Machi twaadhimisha Kupashwa Habari Bikira Maria. Tarehe 25 Desemba twaimba Noeli. Kati ya sikukuu hizo mbili ni miezi tisa kamili. Mwana wa Mungu angaliweza kutujia akiwa mtu mzima, mwenye nguvu na maneno. Hakupenda hivyo. Alikubali kutungwa tumboni mwa mama, kukaa gizani miezi yake yote, kuzaliwa hana nguvu, kulia, kunyonya na kubebwa. Njia hiyo aliyoipita Bwana wetu ndiyo aipitayo kila mtoto, awe amezaliwa Bethlehemu au Ujiji, Kibirizi au Kagunga. Basi yafaa leo tuitazame.

Mtoto huanza akiwa mdogo kuliko punje ya ulezi. Baba huleta kromosomu 23, yaani nyuzi zichukuazo urithi, na mama huleta 23. Zikikutana, papo hapo yupo kiumbe mpya ambaye hajapata kuwapo. Yapata majuma matatu baadaye moyo wake huanza kupiga, na mara nyingi mama mwenyewe bado hajajua kwa hakika kwamba ana mimba. Yakitimia majuma manane, viungo vikubwa vyote vimekwisha kuanza kuundwa, na vidole vyaonekana kimoja kimoja. Katika mwezi wa tano mama husikia mtoto akicheza. Tangu mwezi wa sita hivi masikio yake huanza kufanya kazi, na sauti aizoeayo kuliko zote ni ya mama yake.

Mwinjili Luka atuambia kwamba Elizabeti alikuwa katika mwezi wake wa sita Maria alipokwenda kumtembelea, na aliposikia salamu yake, mtoto akaruka tumboni kwa furaha. Hatusemi kwamba elimu ya waganga yaweza kueleza neema ya siku ile. Twasema tu kwamba mtoto aliye tumboni si kitu. Ni mtu aliye njiani kuja kwetu, naye amekwisha kuanza kutusikiliza. Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba uhai ulindwe kwa uangalifu mkubwa tangu kutungwa kwake. Na yule mama shujaa wa kitabu cha pili cha Wamakabayo aliwakumbusha wanawe saba kwamba hakujua jinsi walivyotokea tumboni mwake, wala si yeye aliyewapa pumzi. Wazazi ni walinzi wa amana. Mwenye mali ni Mungu.

Wahenga walisema, kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Methali hii yaonya wale wanaofurahia kuzaa na kuchoka kulea. Lakini tusiifahamu vibaya, kana kwamba mimba hujilea yenyewe. Mama mjamzito hula kwa ajili ya wawili. Kwetu pwani ya Tanganyika Mungu ametupa dagaa, ambao huliwa pamoja na mifupa yao na kujenga mifupa ya mtoto. Ametupa maharage ya milimani na mawese mekundu. Pombe anayokunywa mama humfikia mtoto na kumdhuru. Mbu wa malaria humdhuru mama na mtoto pamoja. Kwa hiyo mume anayemnunulia mkewe chandarua, anayemtua ndoo ya maji kichwani, anayekwenda naye kliniki, mume huyo amekwisha kuanza kazi ya ubaba kabla hajauona uso wa mwanawe.

Saa ya kuzaliwa ikifika, Muumba hamwachi mtoto aje mikono mitupu. Mguse shavu, atageuza kinywa kutafuta titi. Mtie kidole kiganjani, atakifumbata. Mshtue, atatupa mikono nje na kuirudisha kifuani kama mtu anayetaka kukumbatia. Mlaze juu ya tumbo la mama mara akiisha kuzaliwa, naye polepole atajikokota kuelekea titi. Macho yake huona vizuri kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, yaani toka kwenye titi hadi kwenye uso wa mama. Hahitaji kuona zaidi ya hapo. Yale maziwa ya kwanza ya manjano, dang'a, ambayo wengine huyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu, ndiyo kinga yake ya kwanza dhidi ya maradhi. Asinyimwe, na kwa miezi sita maziwa ya mama yamtosha.

Lakini silika hizo hufika mahali zikakoma. Tuangalie kaskazini ya mji wa Kigoma, katika milima ya Gombe, ambako marehemu Jane Goodall alifika Julai 1960 kuchunguza maisha ya sokwe mtu. Hatulinganishi roho ya mtu na mnyama. Twasoma tu katika kitabu cha viumbe, ambacho mwandishi wake ni yule yule Mungu. Mtoto wa sokwe hupata nguvu upesi ya kushikamana na manyoya ya mama yake, naye mama huenda kwa mikono na miguu, akipanda mti na kuteremka. Mtoto wetu naye hufumba kiganja, lakini hawezi kujining'iniza kwa mama yake, na baada ya miezi michache ile silika ya kufumbata hupotea. Sokwe hushika, mtoto wa binadamu hushikwa. Asiposhikwa, huanguka.

Je, Mungu alimpunja mtoto wa binadamu? La hasha! Ubongo wa mtoto mchanga una uzito wa kama robo tu ya ubongo wa mtu mzima. Sehemu kubwa iliyobaki hukua nje ya tumbo, mgongoni mwa mama na magotini pa baba, katikati ya maneno, nyimbo, vicheko na sala. Yale ambayo Mungu hakuyatia katika silika, ameyaweka katika mikono ya wazazi. Mtoto asiyesemeshwa hajui kusema, na asiyependwa hujifunza kupenda kwa shida kubwa. Hata huko Gombe, mwaka 1972, sokwe mzee aitwaye Flo alipokufa, mwanawe Flint, aliyekuwa na umri wa miaka minane hivi, aliacha kula, akakaa na huzuni yake, na hata mwezi haukwisha naye akafa. Ikiwa mnyama aweza kudhoofika hivyo kwa kukosa mama, mtoto wa mtu itakuwaje?

Nanyi akina baba, msidhani neno hili ni la wanawake. Wavuvi wetu hutoka usiku na taa zao kutafuta dagaa na migebuka, na jasho lao ni sadaka ya kweli. Lakini wako wanaodhani kwamba akiisha kuleta samaki na fedha, baba amemaliza. Chini ya mitumbwi hiyo hiyo, penye miamba ya ziwa, kuna jamii ya samaki wadogo ambao mama huyahifadhi mayai kinywani mwake kwa siku kadhaa, kisha baba huyapokea katika kinywa chake na kuyalea yeye. Na Gombe, mwaka 1987, maradhi yalipoua sokwe wengi, mtoto wa miaka mitatu aitwaye Mel alibaki yatima. Dume kijana aitwaye Spindle, ambaye hakuwa ndugu yake, alimbeba mgongoni, akamgawia chakula, akamlaza katika kiota chake, na Mel akapona.

Mtakatifu Yosefu hakumzaa Yesu, lakini alimshika. Alimchukua usiku akakimbia naye Misri. Katika siku zetu, tangu mwaka 1978, waganga walianza huko Bogotá, Kolombia, ambako vyombo vya kuwatia joto watoto waliozaliwa kabla ya siku zao vilikuwa haba, kuwafunga watoto hao kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Wengi waliokoka kwa njia hiyo, na leo inafuatwa hata katika nchi yetu. Tena imeonekana kwamba kifua cha baba nacho chafaa.

Lakini mama naye huhitaji kushikwa. Yuko binti aliyepata mimba, na kijana aliyehusika akaikana. Wazazi wamemfukuza kwa aibu, na majirani wamemnyoshea kidole. Binti huyo akijaribiwa kuua mtoto wake tumboni, au kumtupa akiisha kumzaa, je, dhambi hiyo itakuwa yake peke yake? Wewe kijana uliyeikana mimba, rudi. Damu yako inakuita. Ninyi wazazi, mfungulieni mlango. Kosa lake si dogo, lakini mjukuu wenu hana kosa. Tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania imewaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Basi bibi akimshika mtoto, binti aweza kushika kalamu. Nasi jumuiya za Wakristu, tusijivunie kutetea uhai kwa maneno iwapo hatuna hata kanga moja ya kumpelekea mzazi maskini.

Sisi sote tulishikwa. Hakuna hata mmoja wetu anayekumbuka siku hizo, lakini kama mikono fulani isingalitupokea usiku ule, leo tusingalikuwapo. Deni hilo hatuwezi kuwalipa waliotushika. Twaweza kulilipa kwa wale tuliopewa kuwashika. Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu, walioshika mikononi mwao Muumba wa ulimwengu, watuombee.