Jina la Baba Halipigi Kura

Ukipanda matatu Ruiru kuelekea Thika, hukosi abiria wa kukuonyesha mali ya akina Kenyatta. Shamba la Northlands lile, kiwanda cha Brookside hicho, na maziwa yake ndiyo ya chai yako ya asubuhi. Juzi mzee mmoja aliyeketi karibu nami alitikisa kichwa akasema, "Kijana wangu, huyo Uhuru alizaliwa ameshafika." Nilimwitikia kwa heshima tu, ila sikubaliani naye.

Uhuru alikuwa na miaka 16 baba yake, Mzee Jomo, alipofariki Agosti 1978. Mwaka 1997 aliwania ubunge wa Gatundu Kusini, nyumbani kabisa, ambako boma la Ichaweri lipo. Enzi hizo Gatundu ilikuwa katika Wilaya ya Thika. Mwana wa rais wa kwanza, katika kijiji cha rais wa kwanza! Wapiga kura wakampa kiti Moses Mwihia, msanifu majengo. Majirani wa babake ndio waliomwambia hapana, na sidhani kama amewahi kupata funzo kubwa kuliko hilo.

Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 2001 Rais Moi alimteua mbunge, kisha akampa uwaziri. Mwaka uliofuata akasimamishwa na KANU kuwania urais. Kibaki alimshinda vibaya, naye akakubali matokeo bila vurugu (sifa hiyo tumpe, maana si wengi huiweza). Gatundu Kusini safari hii ikampeleka Bungeni. Akawa kiongozi wa upinzani, naibu waziri mkuu 2008, rais 2013.

Hapo ndipo ninapotofautiana na yule mzee. Jina la ukoo halikumpa Uhuru ushindi wa kwanza. Lilimpa ruhusa ya kuanguka na kuinuliwa. Mtoto wa mama mboga wa soko la Makongeni angeshindwa ubunge 1997, nani angemkumbuka 2001? Angebaki na madeni ya kampeni na mabango yanayochakaa ukutani.

Wala jina halirithishwi kama shamba. Mei 2021, Uhuru akiwa bado Ikulu, chama chake cha Jubilee kilimsimamisha mjane wa marehemu mbunge Francis Waititu katika uchaguzi mdogo wa Juja. Watu walikuwa wameomboleza naye kwa dhati. Siku ya kura wakamchagua George Koimburi wa chama kichanga cha PEP. Rambirambi ni rambirambi, kura ni kura.

Tena jina lina gharama yake. Machi 2023, miezi michache tu baada ya Uhuru kuondoka Ikulu, watu walivamia Northlands, wakakata miti na kuswaga kondoo. Sidhani kama kuna aliyefanya hivyo kwa kuwa alihitaji kondoo tu.

Kwa hiyo sina kinyongo na watoto wa wakubwa wanaogombea. Wagombee. Ombi langu ni kwenu wenye biashara na sauti hapa Thika na Ruiru: ikiwa mnamjua kijana mwadilifu aliyewania uwakilishi wa wadi 2022 akabwagwa, mtafuteni sasa, mketi naye, mumsaidie kujipanga upya kabla ya 2027. Hana Moi wa kumteua.