Njia Tambarare



Mzee Tobiti, aliyekuwa kipofu, alipotaka kumtuma mwanawe Tobia nchi ya Umedi kuileta fedha aliyoiweka huko, hakumwambia aende tu kwa kuwa Mungu yupo. Alimwagiza kwanza atafute mtu mwaminifu aijuaye njia. Alipoletwa kijana mmoja, nao hawakujua kuwa ndiye Malaika Rafaeli, mzee alimwuliza ukoo wake, akapatana naye ujira wa drakma moja kwa siku pamoja na matumizi ya njiani. Ndipo alipowabariki.

Mimi sikufanya hivyo. Mwaka mmoja, mvua zikiwa zimekwisha anza, nilipanda lori hapa Pweto kwenda Lubumbashi. Nilifikiri moyoni: tukiisha pita Kilwa, barabara yafuata bonde la Luapula mpaka Kasenga, milima ya Kundelungu twaiacha upande wa kuume, kutoka hapo zabaki kilomita 200 na kidogo. Nchi ni tambarare, nini kitatuzuia? Basi nikachukua unga wa siku mbili, na nauli ya kwenda tu.

Lakini maji ya mlimani hutelemka, ya bondeni hutuama, na gurudumu huzama. Tulikaa matopeni siku tano. Tena macho hutudanganya: Ziwa Moero li juu ya bahari kwa mita 900 na zaidi, na Lubumbashi kwa mita 1,200 hivi. Lori lililojaa samaki lapanda polepole, abiria hawajui, nalo lazidi kunywa mafuta.

Siku ya tatu sikuwa na kitu. Karibu nami aliketi mama mzee, mjane, akimpeleka mjukuu wake hospitali. Yeye alikuwa na unga wa siku kumi, maana alihesabu njia, na matope, na siku za kumwuguza mtoto. Akanigawia. Nilikula, nikijua wazi kwamba nakula chakula cha mgonjwa. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, “Mwalimu, nasikia wafundisha watoto hesabu?”

Mvua zetu huanza mwezi wa Novemba hivi, hata Aprili. Mwenye safari na aje Jumamosi baada ya katekisimu, tuhesabu pamoja: unga wa njiani na wa kukwama, maji ya kunywa, nauli ya kwenda na ya kurudi, na kopo moja la unga zaidi kwa ajili ya mwenzenu aliyepungukiwa, maana hakosekani.