Mashini Yalia: Nani Ataitika?

Ni nani kati yetu asiyepata kukesha na mgonjwa? Twajua desturi ya hospitali zetu: mgonjwa haendi peke yake. Mama, au dada, au mtoto wa ndugu humfuata na mkeka na sufuria. Hulala chini kando ya kitanda, na usiku huamka kusikiliza kama mgonjwa apumua vema. Mlinzi huyo hana elimu ya uganga. Kazi yake ni kuona, na kumwita anayejua.

Siku hizi, katika vyuo vikuu vya nchi nyingi, vijana wanaojifunza ufundi wa umeme hutengeneza mlinzi wa namna nyingine. Watatu au wanne hufanya kazi pamoja kwa miezi, wakitafuta kifaa kidogo cha kuvaliwa kifuani. Kila pigo la moyo hutoa umeme kidogo sana, yapata sehemu moja ya elfu ya volti ukipimwa juu ya ngozi. Vibandiko huupokea, mashini huukuza, kisha redio ndogo huupeleka bila waya mpaka kwenye simu. Hivi mgonjwa aweza kuwa shambani na mganga mjini, na mapigo yakaonekana.

Jambo hili lina historia yake. Huko Leiden, Uholanzi, Willem Einthoven alitengeneza mashini ya kuandika mapigo ya moyo iliyokuwa nzito kupita kilo 200. Mgonjwa alitia mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Kwa kuwa mashini haikuweza kuletwa kwa wagonjwa, mwaka 1905 mapigo yao yalipelekwa kwa waya wa simu, toka hospitali mpaka chumba chake cha kazi, kilometa moja na nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Norman Holter wa Marekani alipeleka mapigo ya moyo kwa redio, lakini mzigo wa mgongoni ulikuwa wa kilo 38 hivi. Leo kifaa cha kazi hiyo chaweza kukaa kiganjani.

Basi swali letu ni hili: mashini ikisha kukesha mahali petu, je, wajibu wetu wa kukesha umekwisha?

Mtu atajibu: «Ndiyo, maana mashini hailali wala haichoki.» Neno hili lina ukweli ndani yake. Bomba la maji likiletwa kijijini, binti hana haja tena ya kushuka mtoni, wala hakuna anayemlaumu. Lakini tutenge mambo mawili. Mlinzi huona, tena huitika. Mashini yaweza kutusaidia kuona. Kuitika haiwezi.

Tutazame kwanza kazi ya wale vijana. Kifaa chao kinapaswa kulia wakati wa hatari. Lakini hatari ni ipi? Mtu akipanda mlima, moyo waenda mbio bila ugonjwa. Kibandiko kikilegea, mstari watikisika kana kwamba moyo umeharibika. Wakiweka kengele iwe nyepesi, italia bure usiku kucha. Baada ya siku chache muuguzi atachoka na masikio yake yatajifunza kutosikia. Jambo hili lajulikana sana hospitalini. Wakiiweka nzito, itanyamaza hata usiku ule mmoja wa lazima. Kipimo kisicho na kosa lolote hakipo.

Hapo fundi aacha kupima na kuanza kuamua. Volti hupimwa kwa chombo. Lakini kosa gani livumiliwe, na nani aumie kwa kosa lile, hakuna chombo cha kupima neno hilo. Kijana anayeiweka kengele nzito ili kifaa kionekane kitulivu mbele ya walimu wake, naye apate pointi, ameamua juu ya maisha ya mtu asiyemjua. Siku ya msiba asiseme: «Ni mashini.» Mashini haina dhamiri.

Pili, kengele yamlilia nani? Wazee wetu walipeleka habari kwa ngoma, kijiji kwa kijiji. Hata ngoma iwe na sauti kuu namna gani, habari ilikufa pale ambapo hapakuwa na mtu wa kuisikia na kuipiga tena. Vivyo hivyo, simu yenye kupokea habari za moyo saa nane za usiku, na mwenyewe amelala, haimponyi mtu. Kumwambia mtu kwamba yu hatarini bila kumwonyesha njia ya msaada ni kumwongezea hofu.

Arthur Zang wa Kameruni alianza na swali hilo. Alipokuwa mwanafunzi huko Yaoundé, aliona kwamba waganga wa moyo ni wachache, nao karibu wote wako katika miji mikubwa, na wagonjwa wa vijijini hawawafikii. Kifaa chake, Cardio-Pad, hupima moyo kijijini na kupeleka mapigo kwa mtandao wa simu mpaka kwa mganga, naye husoma na kurudisha jibu. Mwaka 2016 alipewa tuzo ya ufundi ya Afrika itolewayo na taasisi ya Uingereza. Tazameni vema: upande wa pili wa njia ile yupo mtu, na jibu larudi.

Tatu, neno hili latuhusu sisi pia. Mtoto aliye mjini amemnunulia mama yake kifaa cha namna hiyo. Kila asubuhi aangalia simu: mapigo 72, vema. Naye hajafika nyumbani mwaka mzima. Ameuona moyo, hajamwona mama.

Basi tuwasifu vijana hao, maana kazi yao ni njema. Lakini kabla ya kuunga waya wa kwanza, waulizane: «Kikilia, nani ataitika?» Wasipopata jina la mtu, kazi yao haijakwisha. Na jina lile likiwa letu, tusizime simu.