Muhasaba wa Mwaka

Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, ifikapo Siku ya Mwaka, mwanzo wa mwaka wa kimila, katika mwezi wa Julai, wanaume huchapana hadharani kwa vigogo vya migomba, ili vinyongo vya mwaka uliokwisha visivuke kuingia mwaka mpya, kisha kibanda cha makuti hutiwa moto huku wanawake, wamejipamba, wakiimba. Ada hiyo, kwa rai yangu, ina hekima kuliko azma zetu za Januari, ambazo aghalabu hutangazwa kwa mbwembwe kabla mtu hajaihasibu nafsi yake: amemdhulumu nani, deni gani hajalilipa, na saa ngapi amezipoteza barazani kwa porojo. Basi leo, kabla ya adhuhuri, mwendee mmoja uliyemkosea, umtake radhi.