Gari la Kusukumwa

UJUMBE WA JUMAPILI
Masomo: Mithali 25:19, Luka 14:28–30, Yeremia 2:13

 

Mithali 25:19 inamfananisha mtu asiyeaminika wakati wa taabu na vitu viwili: jino bovu na mguu ulioteguka. Jino bovu halikusumbui ukiwa umefunga mdomo. Mguu ulioteguka hauna neno ukiwa umelala kitandani. Ubaya wake unaonekana siku ya kutafuna na siku ya kukanyaga. Kitu kisichoaminika hakijulikani siku ya raha. Kinajulikana siku unapokihitaji.

Suleimani angekaa Mombasa, labda angetaja na mkweche. Hapa tuko kisiwani. Ukitaka kutoka lazima uvuke: Daraja la Nyali kwenda kaskazini, Makupa kwenda bara, feri ya Likoni kwenda kusini. Sasa kuna gari ambalo wiki nzima linawaka vizuri, linakupeleka Marikiti na kukurudisha Tudor. Lakini siku ya feri, watu wamejaa, gari la mbele limeshatoka, la nyuma linapiga honi, ndipo linazima palepale kwenye mteremko. Mtu wa Likoni ananielewa. Mke ameshikwa na uchungu saa nane za usiku, hospitali iko ng'ambo, na mume anazungusha ufunguo: kri, kri, kri... kimya. Hiyo ndiyo siku ya taabu ambayo andiko linaisema.

Leo nataka tujifunze mambo manne kutokana na gari hilo. Usiseme, "Mimi sina gari, ujumbe huu haunihusu." Ngoja tufike la nne.

1. Omba, kisha fungua boneti

Wako wapendwa ambao gari likichemsha mara tatu kwa mwezi, wanaanza kutafuta ni nani wa ukoo amelirushia kitu. Wanaleta chupa ya mafuta lipakwe kwenye usukani. Sikatai, shetani yupo. Lakini hebu tuulizane taratibu: rejeta iliangaliwa lini mara ya mwisho? Oili ilibadilishwa lini? Hii hewa yetu ya bahari ina chumvi. Inakula bodi, inakula vichwa vya betri, inakula waya. Kutu haihitaji mchawi.

Nehemia 4:9 inatuonyesha watu walioomba, na palepale wakaweka walinzi usiku na mchana. Hawakuchagua kimoja. Maombi bila walinzi si imani, ni uvivu uliovaa nguo ya imani. Taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi, usiikemee. Ile taa ni rafiki yako, inakwambia ukweli mapema. Ndivyo Roho Mtakatifu anavyofanya moyoni. Anakugusa, hulali vizuri, huna amani. Wewe unaikemea dhamiri ambayo Mungu ameiwasha! Fungua boneti, mpendwa. Amina?

2. Hesabu gharama, na usiogope macho ya watu

Bwana Yesu alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara. Sharti akae kwanza, apige hesabu, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Gari pia ni mnara. Bei ya kununua ni mlango tu. Ndani kuna bima, petroli, matairi, spea, na fundi wa jua kali ambaye kila akifungua hapa anaona na pale.

Magari mengi yanayoshuka bandarini hapa kwetu yametumika tayari, yanatoka Japani. Sheria ya Kenya inakataa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Serikali imeweka kikomo cha umri wa gari linaloingia nchini. Je, wewe umeweka kikomo cha pesa zinazotoka nyumbani kwako?

Maana nasema na baba mmoja hapa. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Kodi ya nyumba ina miezi miwili. Mama anapanda matatu na kikapu chake kwenda Kongowea. Na gari limeegeshwa chini ya mwarobaini, limefunikwa turubai, linangoja gasketi. Ukimuuliza, "Kwa nini usiliuze?" anasema, "Nilitoa ushuhuda kanisani. Watu watasemaje?"

Ndugu yangu, watu hawalipi karo. 1 Samweli 16:7 inasema mwanadamu huangalia sura ya nje, bali Bwana huangalia moyo. Na Bwana wetu alipoingia Yerusalemu kama Mfalme, aliingia juu ya mwanapunda wa kuazima. Logibuku ya yule punda haikuwa na jina lake! Je, ufalme wake ulipungua? Haukupungua hata kidogo. Baraka haipimwi kwa magurudumu. Ukiliuza gari ukalipa deni na mtoto akarudi darasani, njoo utoe ushuhuda huo pia. Tutapiga makofi.

3. Ukiuza, sema ukweli

Hapa patakuwa kimya kidogo. Yule aliyeuziwa ubovu aliuziwa na mtu. Anaweka oili nzito ili injini isilie siku ya kuonyesha mteja. Anarudisha nyuma hesabu ya kilomita. Anapiga rangi juu ya kutu. Kisha anasema, "Chukua tu, mpendwa, hili lilikuwa la mtu wa kanisa." Analitumia jina la Bwana kama polishi!

Walawi 19:35–36 inaagiza mizani ya haki na vipimo vya haki. Mita ya kilomita ni kipimo. Ukiirudisha nyuma, umepunja mizani, na fungu la kumi utakalotoa katika faida hiyo halitasafisha kitu. Sema, "Gari hili linachemsha, gia ya pili inagoma, bei yake ni hii." Utapata pesa kidogo, lakini utalala usingizi. Na yule mnunuzi hataachwa Mazeras usiku na watoto.

4. Je, wewe unaaminika?

Sasa tumefika kwa wote, wenye gari na wasio na gari.

Gari likizima Ndia Kuu kule Mji wa Kale, njia ni nyembamba, halizimi peke yake. Tuktuk za nyuma zinasimama, mikokoteni inasimama, mzee aliyekuwa anawahi msikitini anapita ubavu ubavu. Kuharibika kwako kunafunga njia ya wengine. Kwaya inakungoja. Watoto wa shule ya Jumapili wamekaa, mwalimu hajaja na simu imezimwa. Chama kimekungoja ulete zamu yako. Uliahidi kwa mdomo mtamu, na siku ya taabu ukawa jino bovu.

Lakini nimeona jambo lingine katika barabara zetu. Gari likizima Digo Road, hamali anaacha mkokoteni wake, vijana wanatoka barazani, wanasukuma. Hawaulizi wewe ni wa dini gani. Wagalatia 6:2 inatuagiza tuchukuliane mizigo, na watu wale wanaitenda hata bila kuisoma. Kanisa lisishindwe na baraza! Ukimwona ndugu amezima, usimpigie honi. Shuka usukume.

Hata hivyo mstari wa 5 wa sura hiyohiyo unasema kila mtu atachukua furushi lake mwenyewe. Hayapingani. Kusukumwa kunawasha injini. Lakini kama betri haichajiwi, kesho utasukumwa tena, na kesho kutwa. Kuna mtu tunamsukuma kila Jumapili. Anaombewa, anaanguka, anaamka na moto. Ikifika Jumanne amezima. Dawa yake si kusukumwa kwa nguvu zaidi. Dawa ni chaji ya kila siku: Neno asubuhi, goti usiku, toba ya kweli. Na wengine ni kama magari ya otomatiki ya siku hizi. Hata msukume mpaka Makupa, hayawaki. Huyo anataka mtu asimame karibu naye, aunganishe waya kutoka betri yake, amngoje. Huyo hataki kelele. Anataka uketi naye.

Rejeta inayovuja

Yeremia 2:13 inataja maovu mawili ya watu wa Mungu: walimwacha yeye aliye chemchemi ya maji ya uzima, wakajichimbia mabirika yaliyopasuka, yasiyoweka maji. Mwenye mkweche anatembea na mtungi wa lita 5 kwenye buti. Kila baada ya safari fupi anasimama, anamimina maji, na yanavuja yote.

Kisiwa hiki chetu hakina mto. Ndani ya Fort Jesus mpaka leo kuna birika la kuwekea maji ya mvua. Lakini birika hutegemea mvua. Ndiyo maana maji yetu mengine yanaletwa kwa bomba kutoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200. Walioleta bomba hilo walijua kwamba mji mkubwa hauishi kwa birika. Nafsi yako pia haiishi kwa mtungi wa Jumapili. Ziba panapovuja: ile siri, ule uongo, lile deni unalolikwepa. Kisha rudi kwenye Chemchemi.

Na habari njema ni hii: 2 Timotheo 2:13 inasema hata sisi tusipoaminika, yeye hubaki mwaminifu. Mungu hazimi kwenye mteremko. Hajawahi kukuacha katikati ya kivuko, na hataanza leo.

Tuombe

Baba, tunakushukuru kwa uaminifu wako. Wahurumie waliokwama barabarani na waliokwama moyoni. Wape wazazi ujasiri wa kuchagua karo mbele ya sifa. Wape wanaouza ndimi za kweli. Utufanye watu wa kutegemewa saa nane za usiku. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.