Je, Ajali Haina Kinga?

Miongoni mwa maneno yaliyozoeleka vinywani mwetu ni haya: "Ajali haina kinga." Neno hili husemwa matangani kuwaliwaza waliofiwa, na hapo huwa mahali pake. Lakini twalisikia pia likisemwa kabla ya msiba, likawa ni udhuru wa mtu asiyetaka kujishughulisha. Basi twauliza: mzazi asiyemfundisha mwanawe kujikinga na hatari na kumsaidia aliyeumia, je, ana lawama mbele ya Mola wake, au hilo ni la majaaliwa tu?

Natutazame Soko la Burma, hapa Nairobi. Mna visu na mashoka ya wauza nyama, majiko ya makaa na masufuria ya supu yachemkayo. Watoto hupita katikati ya hayo, wametumwa na wazee wao au wanawangoja. Na karibu yake ipo Barabara ya Jogoo, ambayo mtoto wa Shauri Moyo hana budi kuivuka akitaka kwenda Kaloleni. Jina lenyewe la soko latukumbusha nchi ya Burma, walikopigana askari wetu wa KAR mwaka 1944. Askari hapelekwi vitani ila amefundishwa kufunga jeraha. Vipi sisi twawatoa watoto wetu kila asubuhi bila ya elimu hiyo?

Huenda msomaji akasema: huku si kupungukiwa na tawakali? La, sivyo. Sayyidna Umar bin Khattab alipokuwa njiani kwenda Sham alipata habari ya tauni, akarejea na watu wake. Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kwamba anaikimbia kadari moja kuiendea nyingine. Maji ya kupozea jeraha la moto ni kadari, na kulipaka siagi au dawa ya meno ni kadari vilevile. Nasi tumepewa akili ya kuchagua.

Mwengine atasema: mtoto akifundishwa kusaidia atapata ujasiri wa kujitosa hatarini. Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa Sinai hapa Nairobi, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba. Watu wakaikimbilia kuiteka, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Hatuwalaumu marehemu, kwani ufukara humsukuma mtu. Lakini twaona wazi kuwa penye hatari, kukimbilia huzidisha maafa.

Ndiyo maana somo la kwanza la elimu hii si kukimbilia, bali ni kusimama. Mtoto atazame, ajue pa kutokwenda, kisha apaze sauti amwite mtu mzima. Aliyeshikwa na umeme asiguswe kabla umeme haujazimwa. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, apelekwe hospitali. Aliyeungua apozwe kwa maji baridi yanayotiririka, kwa dakika 20. Penye kutoka damu pakandamizwe kwa kitambaa safi, wala kisifunuliwe kila mara. Na aihifadhi nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, chama kilichoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965. Haya hayamshindi mtoto aliyekwisha kuhifadhi Juzuu Amma.

Basi jawabu letu ni hili: awezaye kufundisha akaacha ana lawama, na asiyejua yampasa aulize. Kuokoa roho ni fardhi kifaya. Wakiitimiza baadhi yetu wengine husalimika, na wasipokuwapo wa kuitimiza twapata dhambi sote. Walimu wa vyuo watenge somo moja kwa juma, na wenye vibanda wawape watoto wao ruhusa ya kuhudhuria. Kadari hatuijui mpaka itufikie, lakini wajibu wetu twaujua tangu leo.

Wabillahi taufiki.